Jacques Callot: mchoraji aliyewachapa watu wa njiani

Kama umewahi kufika Nsambya hapa Kampala, bila shaka unawajua mafundi wa samani. Asubuhi wanatoa vitanda, makabati na viti nje, wanavipanga kando ya barabara, na vumbi la msasa linapanda pamoja na vumbi la boda boda. Katikati ya vitanda hivyo wanapita watu wengine pia. Mama ana godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kijana ana begi moja, na sufuria imefungwa juu yake kwa kamba. Mzee anauliza njia ya kwenda Old Kampala kujiandikisha. Sisi tunaofanya kazi maeneo haya tunawaona kila wiki, na mara nyingi tunawapita tu. Labda wewe mwenyewe ulipita hapo siku yako ya kwanza mjini, na hakuna aliyekutazama mara mbili.

Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyewatazama watu wa namna hiyo mara mbili, tatu na zaidi, karibu miaka 400 iliyopita. Jina lake ni Jacques Callot. Alikuwa mchoraji na mchapaji wa picha. Alizaliwa mahali palipokuwa na amani, akafa mahali palipokuwa na vita, na mahali hapo ni pamoja: mji wa Nancy, katika nchi iliyoitwa Lorraine. Siku hizi Lorraine ni sehemu ya Ufaransa. Wakati ule ilikuwa nchi ndogo yenye mtawala wake, imebanwa kati ya Ufaransa upande mmoja na dola la Wajerumani upande mwingine. Wewe unayetoka nchi ya mpakani hutahitaji maelezo marefu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na Lorraine ilikuwa nyasi.

Mtoto wa nyumba ya ikulu

Callot alizaliwa mwaka 1592. Baba yake, Jean Callot, alikuwa mtumishi wa ikulu ya mtawala wa Lorraine, akishughulika na nembo na sherehe. Kwa hiyo familia haikuwa maskini. Lakini Jacques alipenda kalamu kuliko itifaki.

Kuna hadithi inayosimuliwa juu ya utoto wake. Iliandikwa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa hiyo ipokee kama hadithi. Inasema kwamba akiwa na umri wa miaka 12 hivi alitoroka nyumbani kwenda Italia kujifunza uchoraji. Hakuwa na fedha. Njiani akakutana na kundi la Waroma waliokuwa wakielekea huko huko, akafuatana nao kwa majuma kadhaa. Hao ni watu waliokuwa wakihama kutoka nchi hadi nchi. Jina lao halihusiani na mji wa Roma, na Wafaransa wa siku zile waliwaita Wabohemia. Walimlisha na kumfikisha. Baadaye wafanyabiashara wa Nancy walimtambua huko ugenini, wakamrudisha kwa baba yake.

Iwe kweli au isiwe, hadithi hii imedumu kwa sababu watu waliona kitu katika picha zake. Waliona kwamba mtu aliyechora hivi lazima alikuwa amewahi kutembea nao.

Yanayojulikana kwa hakika ni haya. Mwaka 1607 aliwekwa kuwa mwanagenzi wa Demenge Crocq, sonara wa Nancy. Sonara wa wakati ule alichora nakshi kwenye madini kwa ncha ya chuma, na mkono wa kijana ukazoea kazi ndogo inayotaka subira. Baada ya hapo akaenda Roma, akafanya kazi katika karakana ya Mfaransa, Philippe Thomassin, akinakili michoro ya kanisani. Kati ya mwaka 1611 na 1612 akahamia Florence, na huko ndiko jina lake lilikotoka.

Shaba, vanishi na tindikali

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu chapa. Picha ya rangi juu ya kitambaa ni moja tu. Anayeinunua huitundika sebuleni kwake, na maskini hataiona. Chapa ni kitu kingine. Mchoraji anachora mara moja kwenye bamba la shaba, kisha bamba hilo linatoa nakala mamia kwa mamia. Karatasi ni nyepesi. Inabebwa katika mfuko wa mchuuzi, inauzwa sokoni, inavuka mpaka. Kabla ya magazeti yenye picha, kabla ya redio na simu, chapa ndiyo iliyopeleka sura ya jambo kutoka mji huu hadi mji ule.

Njia aliyotumia Callot ni hii. Bamba la shaba linasuguliwa hadi ling'ae, kisha linapakwa vanishi. Mchoraji anachora kwa sindano juu ya vanishi, si juu ya shaba. Kila anapopita, vanishi inaondoka na shaba inabaki wazi. Halafu bamba linamwagiwa tindikali. Tindikali haigusi palipo na vanishi, inakula shaba pale tu sindano ilipopita. Vanishi ikisafishwa, mistari inabaki kama mifereji midogo. Wino unapakwa, unafutwa juu, unabaki ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa kidogo inawekwa juu ya bamba, vyote vinapitishwa kwenye mashine yenye magurudumu mazito, na picha inatoka.

Vanishi ya zamani ilikuwa laini kama nta, ikikwanyuka na kuharibu mistari. Callot akachukua vanishi ngumu waliyoitumia mafundi wa vinanda. Ilishika vizuri, ikamwezesha kurudisha bamba kwenye tindikali zaidi ya mara moja: sehemu za mbali anazifunika mapema ili mistari ibaki myembamba, na za karibu anaziacha ziliwe zaidi ili ziwe nyeusi. Ndiyo maana katika picha zake mlima wa mbali unaonekana kama umefunikwa na ukungu, na mtu wa karibu anasimama mweusi mbele yako. Tena alitumia kifaa chenye ncha iliyokatwa mshazari. Akikigeuza kidoleni, mstari mmoja unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha mwembamba tena. Miaka 10 baada ya kifo chake, mwaka 1645, mchapaji Mfaransa Abraham Bosse alitoa kitabu cha kufundisha ufundi huu, na njia za Callot zimo ndani yake.

Nimekueleza haya kwa sababu moja. Ukisimama Nsambya ukimtazama fundi akichonga ua kwenye ubao wa kitanda, utaona kwamba mkono wa Callot haukuwa muujiza. Ulikuwa mkono wa fundi aliyetafuta vanishi bora.

Huko Florence aliajiriwa na ukoo wa Medici uliotawala mji ule. Alichora sherehe zao, michezo ya farasi na maonyesho ya jukwaani. Mwaka 1620 alitoa chapa moja kubwa ya gulio la Impruneta, karibu na Florence, yenye watu zaidi ya 1,000. Ukichukua kioo cha kukuzia utaona wauza vyungu, wauza ng'ombe, walevi, mapadri, na ombaomba. Hakuna mtu aliyewekwa pale kujaza nafasi tu. Kila mmoja ana shughuli yake. Mwaka uliofuata mtawala Cosimo wa Pili akafariki, na mishahara ya wasanii ikapunguzwa. Callot akarudi nyumbani Nancy mwaka 1621.

Chapa nne za watu wa safari

Katika miaka ya kwanza ya kurudi kwake alichonga chapa nne za Wabohemia. Mbili zinaonyesha msafara, mbili zinaonyesha kituo.

Tazama msafara. Farasi wamekonda. Juu yao wamekaa wanawake na watoto wachanga, pamoja na vyombo na kuku waliofungwa. Wanaume wanatembea kwa miguu wakiwa na silaha begani, kwa maana njia haikuwa salama. Watoto wanabeba vyombo vya kupikia. Kila mmoja amebebeshwa kadiri ya nguvu zake. Wewe uliyewahi kuamua ndani ya nusu saa nini kichukuliwe na nini kiachwe, utaitambua picha hii mara moja. Sufuria imechukuliwa. Kuku amechukuliwa. Meza imeachwa.

Katika chapa ya mwisho wamefika kituoni, wanapika chini ya mti mkubwa. Mmoja anacheza karata, mwingine anageuza nyama motoni. Pembeni, mwanamke anajifungua, na wenzake wanamsaidia. Maisha hayakungoja safari iishe.

Lakini nisikufiche jambo. Callot hakuwa mtakatifu, wala chapa hizi hazina upendo mtupu. Chini yake kuna mistari ya mashairi inayowakejeli watu hawa, na katika mojawapo ya picha za kituo wanawake wanatabiri bahati za wanakijiji huku wenzao wakiwaibia. Hivyo ndivyo Ulaya ya siku zile ilivyowafikiria Waroma: wezi na waganga wa uongo. Sheria za nchi nyingi ziliamuru wafukuzwe. Callot alirithi fikra hizo kama kila mtu wa mji wake.

Hapo ndipo penye somo. Maneno ya chini ya picha yanasema jambo moja, na picha yenyewe inasema zaidi. Maneno yanasema wezi. Picha inasema mama, mtoto, mzigo, uchovu, njaa, kicheko, uzazi. Msomaji wa leo akisahau maneno, picha bado ipo.

Ombaomba 25

Karibu na wakati huo huo, kama mwaka 1622 au 1623, alichonga chapa 25 za ombaomba. Ukurasa wa kwanza unaonyesha mtu aliyevaa matambara, ameshika bendera, na juu ya bendera yameandikwa maneno ya Kiitaliano yanayomtambulisha kuwa kiongozi wa matapeli. Maana yake wazi: jihadhari, hawa ni waongo, wanajifanya vilema ili wapewe fedha.

Halafu unafungua kurasa zinazofuata, na tuhuma ile inaanza kukosa nguvu. Kipofu amesimama na mbwa wake. Mwanamke ana watoto watatu, mmoja mikononi. Mzee ameegemea magongo. Bibi kizee amekaa na paka. Kila mmoja yuko peke yake kwenye karatasi. Nyuma yake hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mji. Ni yeye tu, kivuli chake kidogo, na karatasi nyeupe.

Zamani picha za maskini ziliwaweka pembeni, mlangoni pa kanisa au miguuni pa tajiri anayetoa sadaka. Walikuwepo ili tajiri aonekane mwema. Callot aliwatoa pembeni akawaweka katikati, kila mmoja ukurasa wake, kama vile wakubwa walivyozoea kuchorwa. Vazi lililoraruka alilichora kwa uangalifu ule ule aliowachorea Wamedici hariri zao.

Miaka michache baadaye kijana mmoja wa Uholanzi, Rembrandt, akaanza kuchonga ombaomba wake mwenyewe, na njia ya Callot inaonekana wazi ndani ya kazi hizo. Hivyo mtu wa njiani akaingia katika sanaa kubwa ya Ulaya.

Kazi ya wafalme

Mwaka 1623 Callot alimwoa Catherine Kuttinger. Sifa zake zikaenea, na wakubwa wakaanza kumtafuta kwa kazi nyingine: ushindi.

Isabella, aliyetawala kutoka Brussels kwa niaba ya Hispania, alimtaka achore kuzingirwa kwa mji wa Breda, uliosalimu amri mwaka 1625. Callot akatengeneza chapa ya mabamba sita, kama ramani kubwa inayoonekana kutoka angani. Kisha mfalme wa Ufaransa, Louis wa Kumi na Tatu, naye akamwita Paris achore ushindi wake wa kisiwa cha Ré na wa mji wa La Rochelle. La Rochelle ilizingirwa kuanzia 1627 hadi 1628, na maelfu ya wakazi wake walikufa kwa njaa. Callot alilipwa, kazi akaifanya, na akaifanya vizuri.

Lakini angalia kona za chapa hizo kubwa. Mbali na majenerali kuna mikokoteni ya wanavijiji, kuna waliojeruhiwa, kuna askari wanaonyang'anya. Mlipaji alitaka ramani ya ushindi, na Callot akampa ramani, pamoja na bei yake kwa maandishi madogo.

Nancy yatekwa

Kisha vita ikafika kwake. Vita kubwa ya Ulaya ilikuwa imeanza mwaka 1618, nayo ingeendelea hadi 1648, miaka 30 mizima. Mtawala wa Lorraine, Charles wa Nne, alijiingiza katika ugomvi wa wakubwa. Mwaka 1633 majeshi ya Ufaransa yakaizingira Nancy, na Septemba mfalme Louis akaingia mjini.

Mfalme aliyeingia ni yule yule aliyemlipa Callot kwa picha za La Rochelle. Inasimuliwa kwamba alimtaka sasa achore kutekwa kwa Nancy. Callot akaomba asamehewe. Alieleza kwamba yeye ni mtu wa Lorraine, na hawezi kuchora aibu ya mtawala wake na nchi yake. Watu wa mfalme wakamtisha. Akajibu kwamba ni heri akikate kidole gumba chake mwenyewe. Mfalme, inasemekana, alimwacha, na hata alipomwahidi malipo mazuri akimfuata Paris, Callot alibaki Nancy.

Hii nayo ni hadithi iliyoandikwa baadaye, na huenda ilipambwa. Ila jambo moja halina mapambo: aliyechora Breda, Ré na La Rochelle hakuchora kamwe kutekwa kwa Nancy. Mwaka huo huo wa 1633 alitoa kitu kingine.

Mateso ya vita

Ninakuomba uangalifu hapa. Sehemu hii inaeleza ukatili. Kama moyo wako hauko tayari leo, ruka hadi kichwa kidogo kinachofuata, hutapoteza chochote.

Chapa hizo ni 18, ndogo, upana wake sentimita 19 hivi na kimo sentimita 8. Unaweza kuzifunika kwa kiganja. Jina lake ni Mateso na Maafa ya Vita. Zilitolewa Paris na Israel Henriet, rafiki yake tangu utotoni Nancy.

Zinafuatana kama hadithi. Kwanza vijana wanaandikishwa jeshini. Kuna ngoma, bendera na meza ya malipo. Kisha vita yenyewe, chapa moja tu. Baada ya hapo adui hayupo tena katika hadithi. Askari wanavamia nyumba ya wageni. Wanavamia shamba kubwa: ndani ya chumba kimoja wengine wanachinja mifugo na kuvunja mapipa, wengine wanawatesa wenye nyumba, wanawake wanakimbizwa. Nyumba ya watawa inateketezwa. Kijiji kinachomwa na watu wake wanafungwa. Gari la wasafiri linashambuliwa msituni.

Halafu sheria inaamka. Askari wahalifu wanasakwa, wanakamatwa, wanaadhibiwa kwa njia za kutisha za wakati ule. Chapa inayojulikana kuliko zote ni ya mti mmoja mkubwa ulioning'inizwa watu wengi kama matunda. Padri yuko kwenye ngazi na msalaba. Chini ya mti, juu ya ngoma, watu wanacheza kamari.

Kisha askari walemavu wako mlangoni pa hospitali. Wengine wanakufa kando ya njia, wakiomba. Sasa ni zamu ya wanakijiji: wanawavizia askari, wanawaua na kuwavua nguo. Na chapa ya 18 ni mfalme kitini, akigawa zawadi kwa walio wema.

Umeona mpangilio wake? Aliyeandikishwa kwa ngoma anakuwa mnyang'anyi, mnyang'anyi anakuwa maiti au kilema, na mkulima aliyenyang'anywa anakuwa muuaji. Callot hakuandika nani alikuwa upande gani. Bendera hazisomeki. Wataalamu bado wanabishana kama alikusudia kuilaani vita au kuwafundisha watawala kuwa na nidhamu jeshini. Mimi naona kwamba mkulima wa Lorraine hakuhitaji mjadala huo. Aliona shamba lake.

Karibu miaka 180 baadaye, Francisco Goya wa Hispania alichonga chapa zake za maafa ya vita, zilizotolewa mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Callot.

Kifo, na misaada iliyofuata

Callot alifariki Nancy tarehe 24 Machi 1635, akiwa na umri wa miaka arobaini na kidogo. Hakuacha mtoto. Aliacha chapa zaidi ya 1,400.

Hakuona mabaya zaidi. Baada ya 1635 Lorraine iligeuzwa njia ya majeshi ya kila upande. Tauni na njaa vikafuata. Vijiji vingi vikabaki bila mtu. Watu wa Lorraine, wakulima na wenye vyeo pia, wakawa wakimbizi, wengi wakielekea Paris. Watu wa njiani aliowachora Callot akiwa mtu wa mjini mwenye nyumba, sasa walikuwa majirani zake mwenyewe.

Na hapa historia yake inakutana na kazi yetu. Mjini Paris alikuwepo padri mmoja, Vincent de Paul, ambaye huenda unamfahamu kwa jina kupitia vyama vya huruma vya parokiani. Kuanzia mwaka 1639 alituma watu Lorraine na misaada ya chakula na nguo kwa miji kama Nancy, Toul, Metz, Verdun na Bar-le-Duc. Bradha mmoja wa shirika lake, Mathieu Regnard, alibeba fedha hizo zaidi ya mara 50, akipita katikati ya wanyang'anyi kwa kujifanya maskini mwenye mfuko wa matambara. Waliokuwa huko walitakiwa kuandika barua kueleza walichokiona, na barua hizo zikasomwa kwa wafadhili wa Paris ili watoe zaidi. Wakimbizi waliofika Paris walitafutiwa mahali pa kulala na kazi.

Orodha, mgawo, ripoti kwa mfadhili: unaona kwamba kazi yetu si mpya. Na tangu mwanzo ilihitaji mtu wa kueleza mateso ya wengine kwa walio mbali.

Picha yako

Mimi ni mmoja wa watu hao. Kazi yangu ni mawasiliano. Nachukua picha na kuandika habari. Nikimtazama kipofu wa Callot na mbwa wake, swali moja linanisumbua: aliitwa nani? Hatujui. Mama mwenye watoto watatu hatujui jina lake wala kijiji chake. Sura zao zimeishi miaka 400, zimo katika majumba ya makumbusho makubwa ya dunia, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anakubali, wala kuambiwa kwamba ukurasa wa mbele utawaita matapeli.

Callot aliwapa kitu kikubwa: aliwatazama kwa makini. Lakini kitu kimoja hakuwapa, nacho ni sauti juu ya maneno yaliyowekwa chini ya picha zao. Wewe leo una haki hiyo, na ningependa uondoke na jambo hili.

Mtu akija kwako na kamera, awe wa shirika, mwandishi wa habari au mgeni, muulize anafanya kazi na nani, picha ni ya nini, itaonekana wapi, na chini yake kutaandikwa nini. Una ruhusa ya kukataa. Una ruhusa ya kukubali sura isionekane, au jina lako libadilishwe kwa usalama wako. Ukikataa, msaada unaostahili haupaswi kupungua hata kidogo. Akikuambia vinginevyo, toa taarifa kwa kiongozi wa jamii au dawati la malalamiko la shirika husika. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aulizwe, na mtoto mwenyewe pia. Na ukitaka jina lako liandikwe, sema, tena utuandikie herufi zake sawasawa.

Kama una mkono wa kuchora, kuna njia nyingine pia. Huhitaji shaba wala tindikali kali. Kipande cha ubao laini au cha mpira wa sakafu, kisu kidogo, wino na kijiko cha kusugulia nyuma ya karatasi vinatosha kutoa chapa ya kwanza. Kumbuka tu kwamba picha itatoka imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Chora msafara wenu ninyi wenyewe: nani alibeba sufuria, nani alibeba mtoto, nini kiliachwa mezani. Kisha maneno ya chini uyaandike wewe.